Taa ya Bluu Isiyozima

Mteja wangu wa ghorofa ya nne pale Posta ndiye aliyegundua kabla yangu. Nilimpelekea maandazi ishirini kama kawaida, akachukua moja, akalinusa, akalirudisha kwenye ndoo.

"Dada, siku hizi unapikia jiko la mchina?"

Nikacheka. Mimi napikia gesi, na chapati nachomea kwenye mkaa. Akanisogezea andazi puani. Kweli lilikuwa na harufu ya mafuta, na hayakuwa ya kupikia. Ilikuwa harufu ya petroli iliyoungua nusu, ile ya nyuma ya daladala kuukuu linapopanda mlima.

Naishi Kimara. Naamka saa tisa usiku, na saa kumi na moja alfajiri gari linatoka na ndoo sita za vitafunwa kushuka Morogoro Road: Ubungo, Magomeni, Jangwani, halafu Kariakoo na Posta. Ni gari dogo la Kijapani la mwaka 2003, la otomatiki, injini ya cc 1500, nililonunua kwa mtu likiwa limeshatembea sana. Mpira wa mlango wa nyuma umechoka, kwa hiyo moshi wa ekzosi unarudi ndani kidogo. Miaka yote ulirudi bila kuniletea kesi. Mwaka ule ndio ulianza kuingia kwenye maandazi.

Jioni nikamwambia mwanangu akanyage mafuta huku mimi nimesimama nyuma. Moshi ulitoka mweusi, ukaacha masizi kwenye ukuta wa jirani kama chini ya sufuria. Aliyewahi kutumia jiko la mchina anajua masizi hayo yanatoka wapi. Ukipandisha tambi kupita kiasi, moto unapata mafuta mengi kuliko hewa, unageuka wa njano, sufuria inakuwa nyeusi na nyumba nzima inanuka. Injini nayo ni hivyo hivyo. Petroli ili iungue vizuri inataka hewa mara 14.7 ya uzito wake. Hewa ikipungua hapo, au petroli ikizidi, mafundi wanasema injini "inakula richi". Moshi wa bluu ungekuwa oili inaungua. Mweupe usiokoma, wenye harufu tamutamu, ungekuwa maji ya rejeta yanaingia ndani. Wangu ulikuwa mweusi, kwa hiyo hata mimi mpika maandazi nilijua kwamba ni petroli.

Nilichokuwa sijui ni kwa nini. Kujua hicho kulinichukua kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei, na hela ambayo bado nikiifikiria mkono unaenda kichwani.

Kwanza nililaumu kituo cha mafuta. Sisi tulioishi Dar miaka ile ya 2010 neno "kuchakachua" limetukaa kooni: mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli na dizeli, magari yakizima njiani, mpaka Serikali ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yatambulike. Nikahama kituo. Wiki mbili nikaweka kwingine, moshi ukabaki uleule. Nikarudi kituo changu cha zamani kwa aibu.

Kisha nikaenda kwa fundi wa mtaani. Akafungua plagi zote nne, akazipanga juu ya gazeti. Zote nyeusi, kavu, masizi yanafutika kwa kidole. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya kahawia hafifu, kama chapati iliyoiva bila kuungua. Fundi akaniambia ninunue plagi mpya na ea klina mpya, kile kichujio cha hewa ya injini, nami nikanunua.

Sasa hivi, nikikumbuka lile gazeti na zile plagi nne, naona jibu la nusu lilikuwa limelala pale na hakuna aliyelisoma. Zilikuwa nyeusi zote, kwa kiwango kimoja. Ingekuwa nozeli moja inayonyunyizia silinda petroli inavuja, au koili moja ya kurusha cheche imekufa, plagi moja ingechafuka na tatu zikabaki safi. Silinda zote nne zikichafuka sawasawa, tatizo haliko kwenye silinda yoyote. Liko mahali ambapo zote zinapokea amri moja. Na ea klina nayo, sikatai, ilikuwa chafu. Lakini hiyo ya kusema ea klina chafu inaleta richi ni habari ya magari ya kabureta. Gari la nozeli lina sensa inayopima hewa inayoingia. Hewa ikipungua, petroli nayo inapunguzwa. Gari litakosa nguvu, ila masizi hayatatokana na hapo.

Plagi mpya zilikuwa nyeusi baada ya siku tisa.

Fundi wa pili, ambaye nilielekezwa na dereva wa bodaboda, aliosha nozeli. Sina mengi ya kusema juu yake. Alifanya kazi yake vizuri, nozeli zikamwaga kama mvua ya manyunyu, shilingi 80,000 zikaenda, gari likaendelea kufuka moshi.

Wa tatu alikuwa na kompyuta. Gereji nzuri, sakafu ya saruji, vijana wenye ovaroli. Nikafikiri sasa nimefika. Akachomeka mashine chini ya usukani, akasubiri, akasema hakuna kodi, yaani zile namba za makosa. Gari halina kosa lolote lililoandikwa. Taa ya cheki injini ilikuwa haijawahi kuwaka, kwa hiyo hilo halikunishangaza, ila yeye lilimshangaza. Akaingia kwenye kurasa nyingine za mashine, akaona sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye ekzosi, imeganda kwenye volti 0.85. "Hii imekufa, mama. Inatakiwa icheze, hii imesimama."

Ni kweli sensa ile ikiwa kazini hucheza: inashuka karibu na volti 0.1, inapanda karibu na 0.9, juu chini, juu chini. Ikikaa juu ina maana haioni oksijeni kwenye moshi, yaani petroli imezidi. Lakini hebu angalia: mimi nimekuja nalalamika petroli imezidi, sensa inasema petroli imezidi, na hukumu ni kwamba sensa imekufa. Waswahili walisema mjumbe hauawi. Tulimuua. Nikaenda Kariakoo kutafuta sensa iliyotumika kutoka Japani, shilingi 120,000, ikafungwa, mashine ikawashwa, nayo ikasimama kwenye 0.86. Kijana akakuna kichwa. Baadaye niliambiwa kuna jaribio la dakika moja ambalo lingeniokolea hela ile: unachomoa mpira mmoja mdogo wa hewa nyuma ya throtobodi, mlango wa hewa wa injini, hewa ya ziada inaingia, na kama sensa ni nzima volti zinaporomoka papo hapo.

Akiwa bado anakuna kichwa, mwenzake akaja na ushauri wake: tutoe masega, yale yanayosafisha moshi kwenye ekzosi. Alisema masega yameziba, ndiyo maana gari linafuka, na yeye yuko tayari kuyachukua na kunipa "chochote". Neno hilo lilinizindua. Masega yana madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake hapa mjini wanajulikana. Masega yakiziba gari linakosa nguvu, linabanwa pumzi, lakini hayawezi kuiamuru injini inywe petroli zaidi. Kinyume chake ndicho cha kweli: petroli isiyoungua inafika kule, inaungua ndani ya masega, yanapata moto mpaka kuyeyuka. Nikamwambia ahsante kaka, nikachukua ufunguo wangu.

Sasa niseme habari ya daftari.

Nina daftari la kaunta ambalo naandika kila kitu cha biashara: unga, mafuta ya kupikia, mayai, gesi, na petroli. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA, mamlaka ya nishati, wanapotangaza bei kikomo za mafuta, naandika bei mpya juu ya ukurasa kwa kalamu nyekundu. Kila nikijaza mafuta naandika lita na kilomita za kwenye dashibodi. Sikuanza tabia hiyo kwa ajili ya gari. Nilianza kwa sababu kila mwisho wa mwezi nilikuwa sielewi faida imekwenda wapi.

Kaka yangu ni dereva wa malori ya kwenda Tunduma. Alikuja Jumapili moja, nikamlalamikia kwa nusu saa. Akanisikiliza huku anakula, kisha akauliza swali moja tu: "Lilianza lini?" Nikasema Machi. Akasema, "Machi ndipo mteja aliponusa. Mimi nauliza lilianza lini."

Tukalifungua daftari. Novemba gari lilikuwa linakwenda kilomita 12 kwa lita, na hiyo ni pamoja na foleni. Mwisho wa Desemba, 11. Januari, 10. Februari likaporomoka hadi 8 na ushee. Aprili, 7.5. Natembea kama kilomita 45 kwa siku. Kwa 12 nilikuwa natumia lita tatu na robo tatu, kwa 7.5 natumia lita sita. Lita mbili na robo za ziada kila siku ya Mungu, kwa bei ya karibu shilingi 3,000. Nikazihesabu kwa sambusa za shilingi mia tano: sambusa kumi na tatu nazikaanga kila alfajiri na kuzimwaga kwenye tangi.

"Februari imefanyika nini?" akauliza. Nikapekua. Mwisho wa Januari kulikuwa na mstari: *fundi, gari kuchemsha, 70,000.*

Hapo nikakumbuka. Joto la Januari, foleni ya Magomeni, mvuke unatoka chini ya boneti, watu wanapiga honi. Fundi wa karibu alisukumiwa gari, akafungua, akatoa kitu kama kizibo cha shaba chenye springi, akakitupa kwenye kopo. Akavuta waya, akaunga feni ya rejeta moja kwa moja, ikawa ukiwasha swichi tu feni inazunguka. Nilipouliza kile kizibo ni nini alinijibu kwa huruma: "Themostati hiyo, mama. Ya nchi za baridi. Dar hii themostati ya nini?" Nikaona ana akili. Gari halikuchemsha tena, nami nikamsifia mtaani.

Kaka yangu alitikisa kichwa, akanielekeza kwa mzee mmoja, fundi umeme wa magari kule Gerezani. Alisema anafoka, lakini anajua.

Hakufoka. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaniachia benchi nikae. Hakugusa spana. Aliniuliza maswali kama daktari wa zamani. Moshi unazidi saa ngapi? Nikafikiri. Kumbe sikuwahi kulifikiria hilo: unazidi alfajiri, barabara ikiwa wazi, kuanzia Kimara hadi Ubungo. Kwenye foleni, ambako kila mtu anategemea gari linywe zaidi, unapungua. Je, sailensa ikoje, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama tu? Nikamwambia liko juu, mshale unasoma mizunguko 1,300, na nikiweka D kwenye foleni lazima nikanyage breki sana kwa sababu linataka kukimbia. Na taa?

Nikasema hakuna taa. Cheki injini haijawahi kuwaka.

"Taa nyingine yoyote?"

Nikamwambia ipo ya bluu, ile yenye picha ya kipimajoto, lakini hiyo haina shida. Wanangu wanaipenda. Siku nyingine inazima, siku nyingi haizimi hadi nafika Posta. Mzee akanitazama kimya kwa muda. Gari langu halina mshale wa joto. Lina taa mbili tu, ya bluu kwa injini baridi na nyekundu kwa injini iliyochemka. Sote tumefundishwa kuiogopa nyekundu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ya bluu ikigoma kuzima nayo ni kilio. Tena, siku ile ya Magomeni, mvuke unatoka, nyekundu haikuwaka kabisa. Bluu ilikuwa inang'aa pale pale, na mimi sikuuliza inawezekanaje injini inayotokota iseme ina baridi.

Akaniambia niliache gari lipoe kabisa. Nikaenda kununua chai, nikarudi baada ya saa mbili. Akawasha, akasubiri dakika mbili, akaushika ule mpira mkubwa wa juu wa rejeta, akaniambia nami niushike, nijihadhari na feni. Ulikuwa umeshaanza vuguvugu. Gari lenye themostati, mpira ule unabaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ghafla unakuwa wa moto, kwa sababu themostati imefunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ifike karibu nyuzi 82. Langu lilikuwa linapoza maji tangu sekunde ya kwanza.

Injini, alisema, haijui kama iko Dar au Makete. Inataka nyuzi zake themanini na kitu popote ilipo. Joto la Dar ni thelathini na kitu, hata siku ya jua kali bado kuna pengo la nyuzi hamsini.

Kisha akachomeka mashine yake ndogo, kioo kimepasuka kona. Kifaa cha bei rahisi cha kuunganisha na simu kilikuwa kimeshashindwa kuongea na gari langu, kwa kuwa magari mengi ya soko la ndani la Japani ya miaka ile hayafuati lugha ya wengine, lakini hii yake ilikubali. Hakuangalia kodi hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa joto la injini. Ulisema 31.

Injini ilikuwa imeunguruma dakika ishirini. Akaelekeza kipimajoto cha mwanga, kinachopima bila kugusa, kwenye kichwa cha injini, kikasoma 76.

Nyuzi 31! Hilo ndilo joto la hewa ya Dar mchana. Kontroli boksi ya gari langu, kompyuta inayoiamuru injini, ilikuwa inaamini, kila dakika ya kila siku, kwamba injini ndiyo kwanza imewashwa. Na injini ikiwa baridi petroli haigeuki mvuke vizuri. Nyingine inagandia kwenye kuta za njia ya hewa, kwa hiyo kontroli boksi inamwaga ya ziada kwa makusudi na kupandisha sailensa ili gari lisizime. Ni kazi yake, na inatakiwa idumu dakika chache tu. Zaidi ya hapo, mpaka iridhike kwamba injini imepata moto, haisikilizi sensa ya oksijeni. Kwa hiyo ile sensa yangu, ya zamani na ile niliyonunua, zilikuwa zinapiga kelele "petroli imezidi" kwa mtu aliyeziba masikio. Na taa ya cheki injini haikuwaka kwa sababu 31 ni namba ya kuaminika. Waya ungekatika kabisa, kontroli boksi ingesoma baridi ya ajabu, nyuzi 40 chini ya sifuri, na ingejua kuna uongo. Uongo mdogo ndio haukamatiki.

Ningependa kusema mzee alipatia hapo hapo. Hakupatia. Alisema sensa ya joto imechoka, hizi hufa sana, nikanunua mpya shilingi 35,000. Akaifunga, mashine ikaruka hadi 74, sailensa ikashuka hadi 700 na kitu, injini ikanyamaza kama imepewa soda. Akaniambia nirudi kuweka themostati nikipata hela. Siku mbili nilikuwa mtu mwenye furaha. Siku ya tatu, alfajiri, nikapita Kibo, nikapita Ubungo, taa ya bluu inanitazama.

Niliporudi alijicheka mwenyewe. "Nimemnunulisha mtoto wa watu kitu kabla sijapima. Uzee." Safari hii akatoa mita. Akapima sensa mpya ikiwa kwenye injini ya moto: omu 360, sawa kabisa. Sensa hizi upinzani wake wa umeme, unaopimwa kwa omu, hushuka joto likipanda. Ya gari langu kwenye nyuzi 20 ina kama omu 2,500, kwenye 80 ina kama 300. Kisha akairudishia soketi yake, akaenda kuchomoa soketi ya kontroli boksi upande wa pili, akapima kutoka kule. Omu 1,850, upinzani wa injini baridi.

Sensa ileile, dakika ileile, na kati ya mwisho mmoja na mwingine zimeongezeka omu 1,500. Akaichomoa soketi ya sensa, akaisogeza kwenye mwanga, akanionyesha ndani. Kijani. Kutu ya shaba, kama kwenye bakuli la zamani la msikitini. Siku alipofunga sensa mpya, kule kuchomoa na kuchomeka kulikwangua kutu kidogo, ndiyo maana ikapona siku mbili.

"Uliosha injini lini?"

Daftari lilikuwa kwenye mkoba. Tarehe za katikati ya Desemba, baada ya zile mvua za vuli zilizojaza tope Jangwani: *kuosha gari na injini, 15,000.* Vijana walipiga maji ya presha boneti ikiwa wazi, nami nikawaongezea elfu moja ya soda kwa sababu injini ilikuwa inang'aa. Na maji yenyewe ni ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, unaionja kwenye chai.

Hapo ndipo jambo lote lilijipanga mbele yangu, na nikakaa kwenye benchi bila kusema. Nilikuwa nimekuja Gerezani nikiamini kwamba gari langu limewahi kuwa na matatizo mawili: lilichemsha Januari, likapona, likaanza kunywa mafuta, halijapona. Yalikuwa moja. Maji ya chumvi yaliingia kwenye soketi Desemba. Kutu ikaanza, kontroli boksi ikaanza kudanganywa, kidogo kidogo, ndiyo zile kilomita 11 na 10. Januari uongo ukakua, na kwa kuwa feni ya rejeta inawashwa na kontroli boksi hiyo hiyo, kwenye foleni feni haikuwaka. Kwa nini iwake, injini si baridi? Gari likachemsha huku taa ya bluu inawaka. Fundi akatoa themostati na kuunga feni moja kwa moja. Alitibu kuchemsha kwa kuifanya injini iwe baridi kweli. Kuanzia hapo uongo wa soketi ukapata mwenzake: kontroli boksi inasema baridi, na alfajiri kwenye barabara wazi injini nayo ni baridi kweli.

Soketi ilikatwa kwenye waya za gari la skrapu, shilingi 5,000, akaiunga kwa lehemu na kuifunika. Tukatoka na mashine ikiwa imechomekwa, yeye amekaa kiti cha abiria kaikumbatia. Kwenye foleni ilisoma 80. Tulipopata barabara wazi baada ya Ubungo ikashuka, 70, 64, 58. Sasa ilikuwa inasema kweli, na kweli yenyewe haikuwa nzuri. Nikakopa kwenye kikoba, nikanunua themostati shilingi 45,000, akaifunga, akaweka kulanti badala ya maji ya bomba, akairudisha feni mikononi mwa kontroli boksi. Safari ya pili mashine ilikaa 84, foleni na barabara wazi, ikapanda kidogo tukisimama, feni ikawaka yenyewe, ikazima yenyewe. Sijawahi kufurahia sauti ya feni kuzima kama siku ile.

Kabla sijaondoka alivuta dipstiki, akainusa, akanipa ninuse. Oili ilikuwa nyepesi kama chai, inanuka petroli, na kiwango kilikuwa kimepanda juu ya alama ya mwisho. Miezi mitatu nilikuwa naona oili haipungui nikidhani injini ni nzima sana. Petroli isiyoungua ilikuwa inateremka kwenye silinda na kujazana chini, na oili ya namna ile hailindi chochote. Akaimwaga yote. Hapo ndipo alipofoka, kwa mara ya kwanza na ya mwisho.

Juni daftari lilisoma 11.6. Julai, 12. Masega yangu yamo. Ile sensa ya oksijeni ya kwanza, iliyosema kweli ikafukuzwa, niliikuta bado kwenye droo ya dashibodi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Nimeiweka kama akiba. Mteja wa ghorofa ya nne amerudi kwenye maandazi ishirini, ingawa bado ananusa moja kabla ya kulipa.

Wiki iliyopita nilipita kwa yule fundi wa Januari, si kwa ugomvi, mtaa ni mmoja. Nikamuuliza kama bado anayo themostati yangu ya zamani. Akainama chini ya meza, akatoa kopo kubwa la maziwa ya unga, akalimimina juu ya boksi. Zilikuwa themostati, labda arobaini, labda zaidi, zinang'aa rangi ya shaba, kubwa na ndogo, za magari ya watu.

"Chagua, mama," akasema. "Yako lazima imo."